Jinsi ya Kumwambia Mtu wa Kindebele Kwamba Unampenda, Awe Mpenzi, Mama Mkwe au Mjukuu

Mwongozo huu ni wa Mswahili aliyeingia katika ukoo wa Kindebele, au ambaye ukoo wa Kindebele umeingia kwake. Kuna dada aliyeolewa na kijana wa Bulawayo baada ya kukutana naye kazini Johannesburg. Kuna mzee wa Tanga anayetaka kuongea na wajukuu zake kwa simu, na mwanafunzi anayeishi na familia huko Zimbabwe. Karibu wote huanza kwa kutafuta sentensi moja tu, "nakupenda", wakaikariri na kuituma. Sentensi yenyewe si ngumu, na utaipata humu. Ila katika nyumba ya Kindebele watu huusikia upendo wako mapema zaidi, katika namna ulivyosalimu na jina ulilomwitia mtu. Ukikosea hapo, hata "nakupenda" iliyotamkwa vizuri itaonekana ya mtoto asiyefunzwa. Kwa hiyo tutafuata mpangilio wao: salamu kwanza, jina la udugu pili, kisha ndipo kupenda.

Hatua ya 1: Jua ni Kindebele kipi

Kuna Kindebele cha Zimbabwe na kuna Kindebele cha Afrika Kusini, na wenyewe hawapendi kuchanganywa. Cha Zimbabwe kinazungumzwa Matabeleland, kuanzia Bulawayo hadi Gwanda, Plumtree na Lupane. Wasemaji wake ni wazao wa watu waliomfuata Mzilikazi wa ukoo wa Khumalo, aliyejitenga na Shaka, mfalme wa Wazulu, katika miaka ya 1820 na kuvuka mto Limpopo mwishoni mwa miaka ya 1830, pamoja na jamii nyingi zilizojiunga nao njiani na walikofika. Lugha yao iko karibu sana na Kizulu. Kindebele cha Afrika Kusini ni cha Wandebele wa Manala na Ndzundza, ambao walikuwa huko kabla ya Mzilikazi kupita. Hao husalimu "Lotjhani" na kushukuru kwa "Ngiyathokoza".

Mwongozo huu ni wa Kindebele cha Zimbabwe. Orodha nyingi za maneno ya mapenzi zinazozunguka mtandaoni huandika Kizulu na kukiita Kindebele. Alama za kukitambua ni chache na rahisi. Mzulu husema "nami", Mndebele wa Zimbabwe husema "lami", yaani "nami pia". Mzulu husema "kahle", Mndebele "kuhle", yaani vizuri. Mzulu akisalimu watu wengi husema "Sanibonani", Mndebele "Salibonani". Ukiziona "nami" na "kahle" katika ujumbe ulionakili, ujue umebeba Kizulu. Watakuelewa, lakini bibi wa Gwanda atafurahi zaidi akisikia lugha yake mwenyewe.

Hatua ya 2: Sahihisha ulimi kabla ya kusema lolote

Hapa ndipo Waswahili wengi huteleza, kwa sababu herufi zinafanana na zetu na sauti hazifanani.

Herufi "th" katika "thanda" si ile ya "thelathini". Ni "t" inayofuatwa na pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo, useme "thanda": upepo lazima uguse kiganja. Vivyo hivyo "kh" si ile ya "Sheikh", ni "k" yenye pumzi, na "ph" si "f", ni "p" yenye pumzi. Mtu wa Lamu au Mombasa atalipata hili mara moja, maana katika Kiamu na Kimvita paa wa porini hutamkwa kwa pumzi na paa la nyumba bila pumzi.

Kisha kuna "hl", iliyomo katika "kuhle" na katika "inhliziyo", moyo. Weka ulimi kama unayetaka kusema "l", usitoe sauti ya koo, pitisha hewa tu kando ya ulimi. Ukiongeza sauti ya koo unapata "dl", kama katika "ukudla", kula.

Vidoko, yaani milio ya ulimi, ni vitatu: c, q na x. Kwa "c", ncha ya ulimi hukaa nyuma ya meno ya mbele, kisha unaivuta. Kwa "q", ulimi hubandikwa juu kwenye kaakaa na kuachiliwa kwa mlio. Kwa "x", mlio hutoka ubavuni, upande wa magego. Usiogope ukishindwa mwanzoni. Jifunzie katika maneno matatu utakayoyahitaji kweli: "ngicela" (naomba), "ngiyazigqaja ngawe" (najivunia wewe) na "uxolo" (samahani).

Mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Hapo huna la kujifunza.

Hatua ya 3: Salimu kwa wingi

Kindebele hakina "shikamoo", ila kina wingi wa heshima. Rika lako au mdogo wako unamsalimu "Sawubona", na unamuuliza "Unjani?" Mkubwa wako, hata akiwa peke yake chumbani, unamsalimu "Salibonani", na unamuuliza "Linjani?" kana kwamba wako wengi. Jibu la "Unjani?" ni "Ngikhona", nipo. Ukijibu kwa niaba ya nyumba yako ni "Sikhona", tupo. Asubuhi ulizia walivyoamka: "Livuke njani?"

Hiyo silabi "li" ishike vizuri, maana itakufuata katika kila sentensi ya upendo kwa wakubwa. Mama mkwe anapokwambia "unjani" na wewe ukamjibu kwa "linjani", hakuna aliyekosea. Mkubwa hushuka kwa "u" na "ku", mdogo hupanda kwa "li". Wageni wengi hujifunza kwa kuiga, wakamrudishia mzee maneno yaleyale aliyowaambia yeye. Usiige hapo.

Usiharakishe salamu. Ukipiga simu na kuanza na shida yako, umeshawanyima kitu.

Hatua ya 4: Mwite kwa jina la udugu wake kwako

Hatua hii ndiyo ningekaa nayo muda mrefu kuliko zote. Kwa bahati nzuri, mpangilio wao wa udugu unakaribiana sana na wetu.

Kanuni moja kwanza: unapomtaja mtu, neno huanza na irabu, na unapomwita, irabu hiyo huanguka. "Umama" ni mama anayetajwa, ukimwita ni "Mama!" "Ugogo" ni bibi; ukimwita ni "Gogo!" Baba ni "ubaba", babu ni "ubabamkhulu".

Mjomba ni "umalume". Shangazi ni "ubabakazi", na kama ilivyo kwetu, ana mamlaka ya baba katika mambo ya ndoa, kwa hiyo usimchukulie kama rafiki wa rika lako hata akiwa kijana. Mama mdogo ni "umamomncane" na mama mkubwa ni "umamomdala". Baba mdogo ni "ubabomncane" na baba mkubwa ni "ubabomdala". Anayetoka katika ukoo wenye akina baba wadogo na mama wakubwa hahitaji kuelezwa kwamba hawa ni wazazi, si "ndugu wa mzazi". Waite hivyo na uwapende hivyo.

Kaka yangu ni "umfowethu", dada yangu ni "udadewethu". Mdogo wangu ni "umnawami". Mtoto wangu ni "umntanami", na "Mntanami!" ndilo neno tamu kuliko yote ambayo mkubwa anaweza kukuita. Mjukuu ni "umzukulu". Shemeji ni "umlamu", na neno hilo utalikuta pia katika kamusi za Kiswahili kwa maana hiyohiyo, na kwa Waganda, wanaosema "mulamu".

Kwa wakwe: baba mkwe ni "ubabazala" na mama mkwe "umamazala", lakini ukiwa mbele yao utawaita "Baba" na "Mama" tu. Wao watakuita "Malokazana" ukiwa mke wa mtoto wao, au "Mkhwenyana" ukiwa mume. Usimwite mkwe wako kwa jina lake la kuzaliwa. Desturi ya kuhlonipha, ambayo Wandebele wanashirikiana na Wazulu na Waxhosa, ilimtaka mke aliyeolewa ajiepushe kabisa na majina ya wazee wa mumewe. Leo mjini Bulawayo imelegea, lakini heshima ya msingi imebaki, na mkwe mgeni anayeishika hupendwa upesi.

Mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto wake, kama sisi tunavyosema Mama Juma. Wao husema "Naka": mama yake Themba ni NakaThemba. Namna nyingine, na ndiyo yenye heshima zaidi, ni kumwita kwa ukoo aliozaliwa. Binti wa Khumalo akiolewa na Ndlovu ataendelea kuitwa MaKhumalo mpaka uzeeni. Binti wa Ncube ni MaNcube. Wanawake wazee wa pwani yetu walioitwa Binti Saidi au Binti Athumani miaka yote ya ndoa zao wangelielewa hili bila maelezo. Ukimtaja mama mkwe wako kuwa MaNcube mbele ya wageni, umemwambia kwamba unawajua na unawatukuza wazazi wake pia. Ila ukimwita mwenyewe, "Mama" inatosha.

Juu ya hayo kuna majina ya sifa ya ukoo. Mtu wa ukoo wa Khumalo akikupa kitu, usiishie kwenye "Ngiyabonga", asante. Sema "Ngiyabonga, Mntungwa." Mtu wa ukoo wa Ndlovu mwambie "Ngiyabonga, Gatsheni." Neno moja hilo linashukuru yeye na mababu zake kwa pamoja. Muulize mwenzi wako mapema: ukoo wenu mnaitwaje mnaposhukuriwa? Liandike mahali, likariri, litumie siku ya kwanza. Sijui zawadi ya bei rahisi inayofika mbali kuliko hiyo.

Hatua ya 5: Sasa sema unapenda

"Ngiyakuthanda" ni nakupenda. Ichambue nawe utaona ndugu yako: "ngi" ni "ni" yetu, "ya" ni alama ya wakati uliopo, "ku" ni "ku" ileile, "thanda" ni penda. Ukishajua hilo, badilisha kipande cha kati tu:

Ngiyakuthanda: nakupenda wewe (mpenzi, rika, mdogo, mtoto).
Ngiyalithanda: nawapenda ninyi, au nakupenda wewe mkubwa ninayekuheshimu.
Ngiyamthanda umama: nampenda mama.
Ngiyabathanda abantwana bami: nawapenda watoto wangu.
Siyakuthanda: tunakupenda.

Kwa hiyo mama mkwe humwambii "Ngiyakuthanda, Mama", bali "Ngiyalithanda, Mama." Ukitaka kuongeza "sana", sema "kakhulu". Ukiwa na mpenzi na moyo umejaa, kuna "Ngiyakuthanda ngenhliziyo yami yonke", nakupenda kwa moyo wangu wote. Akikuambia wewe kwanza, jibu lake ni "Lami ngiyakuthanda." Kuwaambia watu wa nyumba nzima: "Ngiyalithanda lonke", nawapenda nyote.

Mpenzi au mwenzi wa ndoa unamwita "Sithandwa sami", mpenzi wangu. Neno hilo ni lao wawili tu. Usimwandikie shangazi.

Jihadhari na silabi "a" mwanzoni. "Angikuthandi" ni sikupendi, na mwisho wake umegeuka "i" kama wetu. Mkono ukiteleza kwenye simu unaweza kutuma kinyume cha ulichokusudia.

Wapo wazee, hasa wanaume, ambao hawajaambiwa "ngiyalithanda" na mtoto yeyote maisha yao yote, kama walivyo baba zetu wengi. Wasikutishe wakikaa kimya au wakigeuza mazungumzo kuwa ya mvua na ng'ombe. Rudia tena mwezi ujao.

Hatua ya 6: Jifunze kukumbuka, kushukuru na kuomba radhi

Katika familia iliyotawanyika, neno linalotumika kila siku kuliko kupenda ni kukumbuka. Wandebele wana "khumbula", na linabeba mzigo uleule tunaoubebesha "kumbuka" tunapomwandikia mtu kwamba tumemkumbuka: kuwaza na kutamani kumwona. "Ngikukhumbule" ni nimekukumbuka. Kwa mkubwa ni "Ngilikhumbule, Gogo." Tumewakumbuka ni "Silikhumbule". Nimekumbuka nyumbani ni "Ngikhumbule ekhaya". Kama utajifunza sentensi moja tu ya mwongozo huu kwa ajili ya bibi, iwe "Ngilikhumbule, Gogo."

Kushukuru ni "Ngiyabonga"; kwa heshima, "Ngiyalibonga". Unaweza kuongeza dua: "UNkulunkulu alibusise", Mungu awabariki. Kwa mtoto aliyefaulu mtihani: "Ngiyazigqaja ngawe, mntanami."

Kuomba radhi: "Ngicela uxolo", naomba samahani, au "Ngiyaxolisa". Mwombe mkubwa uso kwa uso ukiwa umekaa chini kuliko yeye, si umesimama mlangoni.

Kuagana: anayebaki anamwambia anayeondoka "Hamba kuhle", nenda vizuri, na anayeondoka anasema "Sala kuhle", baki vizuri. Kwa wengi au kwa heshima ni "Lihambe kuhle" na "Lisale kuhle". Usiku ni "Lala kuhle".

Hatua ya 7: Jaribu simu nzima

Mke kijana anampigia mama mkwe wake aliyeko Bulawayo. Soma kwa sauti, ukitazama nani anatumia "li" na nani anatumia "u" au "ku".

Mkwe: Salibonani, Mama.
Mama: Yebo, malokazana. Unjani?
Mkwe: Ngikhona, Mama. Linjani lina?
Mama: Sikhona. Abantwana banjani?
Mkwe: Bakhona. Balikhumbule kakhulu.
Mama: Lathi sibakhumbule.
Mkwe: Ngiyalithanda, Mama. Lisale kuhle.
Mama: Lami ngiyakuthanda, mntanami. Lala kuhle.

Mama anauliza watoto wakoje, mkwe anajibu kwamba wapo na wamewakumbuka sana, mama anasema nao wamewakumbuka. Mwishoni malokazana amegeuka mntanami, mkwe amekuwa mwana. Ukifika hapo, huhitaji mtu akutafsirie maana yake.

Mkiwa na watoto, wape zamu yao kwenye simu kabla hujaaga. "Siyalithanda, Gogo" ni rahisi kwa mtoto wa miaka mitatu.

Hatua ya 8: Tuma kitu

Matabeleland ni nchi ya watu waliohamia Afrika Kusini kutafuta kazi tangu enzi za migodi ya dhahabu, na Johannesburg wanaiita eGoli. Kwa hiyo upendo husafiri na gari. Omalayitsha, madereva wa magari madogo yenye trela, hubeba unga, mafuta, sukari, sabuni, blanketi na hata makabati kutoka Johannesburg hadi kwenye milango ya wazazi vijijini, wakivuka mpaka Beitbridge. Mtoto aliyeko mbali anayeongea vizuri na hatumi kitu huambiwa kwamba ana mdomo. Ukiwa mkwe wa familia kama hiyo, changia mzigo, hata mfuko mmoja wa unga wa isitshwala, yaani ugali.

Mzigo wa kurudi ndio unaonigusa zaidi. Kutoka kijijini huja umfushwa, mboga zilizokaushwa, na amacimbi, viwavi wa mti wa mopane waliochemshwa na kuanikwa, ambavyo mama ameviokota na kuvitayarisha mwenyewe. Ukiletewa amacimbi, umependwa. Pokea kwa mikono miwili, ule, na upige simu useme "Ngiyabonga kakhulu, Mama."

Katika posa, upendo kwa mama wa binti una ng'ombe wake maalumu, inkomo yohlanga, ambaye si wa baba wala wa ukoo, ni wa mama kwa kumzaa na kumlea binti. Wajumbe wako wakikwambia mengine yanaweza kungoja, huyu usimchezee.

Hatua ya 9: Wakati wa msiba

Hapa maneno ni machache na usiongeze yako. Mfiwa anaambiwa "Akuhlanga lungehlanga", yaani halijatokea ambalo halijawahi kutokea. Kwa maana nyingine, kifo kimewafika wengine kabla yetu. Aliyekufa anaagwa kwa "Lala ngokuthula", lala kwa amani. Ukishasema, kaa. Kukaa na wafiwa, kupika na kuteka maji kutakutambulisha kuwa mtoto wa nyumba kuliko ujumbe mrefu wa simu.

Kuhusu majina ya watoto

Kama mnangojea mtoto, mnaweza kumpa jina linalosikika kwa pande zote mbili. Upendo wa kwetu ni Nothando kwao. Tumaini ni Themba, Baraka ni Sibusiso, Zawadi ni Sipho. Aliyependwa ni Thandiwe. Nimeona furaha ya mababu wawili wasioelewana lugha, mmoja akiita Baraka na mwingine Sibusiso, na mtoto akiitika kote.

Lugha jirani zilizomo katika nyumba hizo

Katiba ya Zimbabwe ya mwaka 2013 inatambua lugha 16 rasmi, na ni nadra kukuta ukoo wa Bulawayo wenye lugha moja tu. Kwa Kishona, nakupenda ni "Ndinokuda", na kwa mkubwa unaongeza "i" mwishoni: "Ndinokudai, Amai." Nimekukumbuka ni "Ndakusuwa", mpenzi ni "mudiwa", shangazi ni "tete", na babu ni "sekuru", neno ambalo Washona humwitia mjomba pia. Kizulu ni "Ngiyakuthanda", Kixhosa "Ndiyakuthanda", Kiswati "Ngiyakutsandza", Kitswana "Ke a go rata". Ukivuka kuja kwetu kuna "Ndimakukonda" ya Kichewa, "Ndagukunda" ya Kinyarwanda na Kirundi, "Nkwagala" ya Kiganda. Angalia kote: "ku", "go", "gu", "kw". Ni wewe yuleyule anayependwa.

Wangoni wa Songea, ambao wazee wao walitoka kusini na kiongozi wao Zwangendaba na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835, wana majina ya koo kama Gama yanayotambulika hadi leo Eswatini na KwaZulu. Usitarajie Kingoni cha Ruvuma kikufikishe Bulawayo, kimeshabadilika sana, lakini Mngoni anayetaja ukoo wake huko kusini huulizwa maswali kwa hamu.

Kwa lugha yoyote kati ya hizi ambayo sentensi yake umeshaipata, muulize mwenyeji mambo mawili kabla ya kuitumia: nikisema na mkubwa nabadilisha nini, na mtu huyu namwita nani. Mkalanga wa Plumtree, Mvenda wa Beitbridge na Mtonga wa Binga kila mmoja atakujibu kwa namna yake, na majibu yao yaandike pembeni ya sentensi yenyewe.